Pamba Ndani ya Kitovu

Ufunguo wa karakana ya magari ya punda niliurudisha mwezi wa Mfunguo Nne, na tangu hapo vijana mnakuja barazani kwangu mmoja mmoja, huyu na swali la gurudumu linaloyumba, yule na swali la mhimili uliopinda. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, kwa herufi nilizofundishwa chuoni, na mwenye kuzijua atawasomea wengine. Kazi nimeiacha kwa sababu ya macho. Mtu asiyeona uzi wa timazi hana haki ya kushika tezo, atajikata mguu halafu asingizie shetani.

Nani alifanywa mkubwa wa mafundi baada yangu na alipewa nini, hayo muulizeni mwenyewe, atawasimulia bila kuombwa. Mimi nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifanya fundi.

Asili yangu si fundi wa magari. Nilifunzwa kuunda vyombo vya baharini na mjomba wangu, Mzee Haji, aliyekuwa na mambo mawili asiyoyafanyia mzaha: sala tano, na upenyo kati ya mbao mbili. Akiona mahali pa kupita unywele aliniita kwa jina la baba yangu, na hapo nilijua leo nitachambwa mpaka nijute kuzaliwa. Upenyo dawa yake ilikuwa moja. Unasokota pamba, unaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata ukioga mara tatu, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti mpaka mbao zilie. Hiyo ndiyo kalafati. Kufika umri wa miaka ishirini mkono wangu ulikuwa unatafuta upenyo wenyewe, hata nikikaa kitandani kwa watu.

Wakati ule bendera ya Mdachi haijapandishwa Bagamoyo, mjini yuko liwali wa Sultani, na kila mwanamume mwenye mabega anakimbilia safari za bara. Mfanyabiashara mmoja wa asili ya Omani, Bwana Seif, alikuwa na shamba la minazi Mbegani na hakupata hata mpagazi mmoja wa kumbebea nazi mpaka mjini. Akaleta gari la punda kutoka Unguja. Lilikuja vipande vipande, na fundi wake hakuja nalo. Bwana Seif akauliza nani hapa anajua mti, watu wakamtaja mjomba, mjomba akanitoa mimi.

Siku ya kwanza nilimkuta mwendeshaji anawasalimu punda. Nasema kweli. Aliwashika masikio mmoja mmoja, akawauliza wameamkaje, kisha ndipo akanigeukia mimi. Jina lake Feruzi, mzalia wa nyumba ya Bwana Seif, maana yake mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile na yeye akazaliwa humo humo. Alikuwa mwembamba, amenizidi miaka kumi, na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Fundi, umeshawahi kupanda gari?"

"Nimepanda ngalawa, mashua na jahazi."

"Basi shika hapa. Na ukitaka kutapika, tapika kushoto. Kulia nina nazi."

Nikapanda, na kwa mara ya kwanza nikaangalia gurudumu likifanya kazi. Gari lile lilikuwa na magurudumu mawili makubwa, marefu kuliko mbao za ubavuni. Chini ya gari ulipita mhimili wa chuma, ncha zake zikaingia katika vitovu vya magurudumu, na kitovu chenyewe kilikuwa cha mti wa mkwaju. Chuma kinasimama, mti unazunguka juu yake. Feruzi alinionyesha yote hayo bila kuringa. Ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa magari, ingawa hakuwahi kushika patasi.

Miezi minne nilikuwa napaka mhimili shahamu, yale mafuta ya mnyama, nagongea misumari, na kulala mchana. Kisha siku moja nimelishika gurudumu la kulia, nikaona baina ya chuma na tundu la kitovu kuna nafasi. Upenyo! Kidole changu kidogo kikaingia ncha yake. Lo, nilivyofurahi. Hatimaye kazi ninayoijua. Nikaenda kwa mjomba, nikaomba pamba na sifa, nikalikalafati tundu lile kwa ufundi wangu wote, nikarudisha gurudumu kwenye mhimili kwa kulipiga teke. Halikutikisika hata kidogo. Bwana Seif alilishika, akalitingisha, akasema, "Mashallah, sasa ni gari." Nilitembea wiki nzima nimevimba kichwa.

Ninyi mnaonisoma mmeshacheka. Chekeni. Chombo cha baharini hakizunguki juu ya mhimili, na mimi hilo sikulifikiria.

Haikufika mwezi, gari likaanza kulia. Halikulia likienda Mbegani, lililia likirudi tu, tena pale njia inapoinama kuelekea baharini. Mlio wenyewe ulikuwa wa chuma kinachokwaruza ubao, wa kukufanya ukunje uso. Feruzi akaja kuniambia.

"Fundi, gurudumu la kulia linakula ubao."

"Unapakia kupita kiasi."

"Napakia kama siku zote."

"Basi unakaa upande. Kaa katikati, mwanamume mzima unakaa kama bibi harusi."

Akanitazama, akaenda zake. Mimi nikachukua tezo, nikauchonga ubao pale ulipokwaruzwa, upana wa vidole viwili, ili gurudumu lipate nafasi. Siku tatu kimya. Siku ya nne likalia tena, sasa kwa sauti nene zaidi. Nikachonga tena. Nikafika mahali ubao umekuwa mwembamba kiasi cha kuona mwanga ng'ambo, nikabandika kipande cha bati juu yake, na sasa mlio ulisikika hata sokoni.

Bwana Seif akaniita. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayekuuliza mara moja tu.

"Fundi, gari lina nini?"

Naandika jibu langu kama nilivyolitoa. "Gari ni zima, Bwana. Labda mwendeshaji."

Kwa nini nilisema vile? Sikuwa na chuki na Feruzi. Sikujua gari lina nini, na neno *sijui* halikuwahi kutoka katika kinywa cha mjomba, kwa hiyo nilidhani fundi halisemi. Basi.

Siku chache baadaye, kwenye ule mwinamo, gurudumu likaung'ang'ania ubao na kukataa kuzunguka. Gari likapinda ghafla. Punda mmoja, yule mweupe wa Maskati, akaanguka chini ya mti wa gari na kuvunjika mguu, ikabidi achinjwe pale pale. Feruzi alirudi mjini kwa miguu, damu kwenye kanzu, anamwongoza punda aliyebaki. Alikuwa analia bila kujificha.

Bwana Seif hakupiga kelele. Alisema Feruzi atabeba maji kutoka kisimani mpaka chombo cha Pemba kitakapoondoka, kisha atakwenda kwa ndugu yake Bwana, kuchuma karafuu. Mzalia hauzwi, ilikuwa aibu kubwa kwa nyumba ya heshima, lakini kumhamishia kwa ndugu si kuuza, ati. Feruzi alikuwa na mke, Zafarani, na Zafarani alikuwa wa nyumba nyingine, ya bibi mmoja wa mtaa wa pili. Hawezi kumfuata. Kila mtu mjini alijua kwamba chombo kile kikitweka, ndoa ile imekwisha. Kilikuwa kinangoja shehena, siku kumi na mbili hivi.

Mimi nilitumwa kwa wamisheni kuomba chuma cha kufunga ubao upya. Karakana yao ilikuwa na mhunzi, Fundi Aloisi, aliyelelewa na mapadri tangu utotoni, mtu mfupi mwenye mikono kama makasia. Nilimwambia nataka bamba la chuma, refu hivi, pana hivi.

"La nini?"

"Gurudumu linasugua ubao. Nataka ubao usilike."

"Linasugua lini?"

"Likirudi."

"Na likienda?"

"Halisugui."

"Likienda lina nini, likirudi lina nini?" Hakungoja jibu. "Linasugua mfululizo, au mara moja kila mzunguko?"

Sikujua hata hilo. Mwezi mzima nilikuwa naukagua ubao, kumbe ubao hauna kosa, umekaa tu pale pake. Aloisi akazima moto wake, akasema, "Kalilete hapa gari, uache kuniagiza bamba."

Aliyoyafanya siku ile ndiyo niliyoyafanya mimi maisha yangu yote, kwa hiyo hapa someni polepole. Alipaka chokaa mbichi kwenye ukingo wa chuma wa gurudumu, upande wa ndani. Tukalivuta gari tupu: ubao msafi. Akapakia mawe: ubao msafi. Kisha akaweka gogo chini ya gurudumu la kushoto, gari likalalia kulia kama kwenye ule mwinamo, akaniambia nisukume taratibu. Ubao ukapata alama nyeupe, ndefu, isiyokatika.

"Ingekuwa gurudumu limepinda," akasema, "chokaa ingegusa, ikaacha, ikagusa. Hii haikuacha. Gurudumu ni zima. Linalala lote."

Akaliinua gari kwa mti, gurudumu likaning'inia. Akalishika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono wa pili, akalivuta na kulisukuma. Likacheza nafasi ya kidole gumba. Akang'oa msumari wa kuzuia, akalitoa gurudumu, akaingiza ndoana ndani ya kitovu na kuvuta. Ikatoka pamba nyeusi, ndefu, imejaa mchanga, kama utumbo wa samaki.

Aloisi akainusa. "Sifa?"

"Sifa."

"Umekalafati kitovu." Akakaa chini juu ya mawe. "Ndugu yangu, maji yalikuwa yanaingia wapi?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nilisimama pale natamani ardhi inimeze. Alipotulia akanieleza. Pamba ilishika mchanga wa njia, mchanga ukasaga mti, tundu la duara likawa la yai. Upande wa nje pamba ikatoka kidogo kidogo, upande wa ndani ikabaki, na gurudumu likakosa pa kusimamia. Bila mzigo linasimama kwa mazoea tu. Ukipakia na kuliinamisha, linalala kwenye ubao.

Tulifanya kazi siku mbili. Nilitoboa kitovu upya kwa keekee na patasi mpaka kikawa duara la kweli, tukipima kwa bikari kila mara. Aloisi akafua pete mbili za chuma, moja ya ndani, moja ya nje, nikazigongea humo. Kisha akaniachia nafasi, upenyo kamili wa kupita ukucha, na akanikataza kuugusa. "Humo anakaa shahamu. Huyo ndiye mpangaji wako, usimfukuze." Mkono wangu uliwasha kama nina upele, lakini sikuuziba.

Gari likarudi kwa Bwana Seif. Mwendeshaji mpya alikuwa Baruti, kijana mnene asiyewasalimu hata watu, seuze punda. Akaenda Mbegani, akapakia, akarudi. Kimya. Nilisimama njiani kwenye mwinamo nikasikia kwato na mazungumzo ya watu waliokuwa mbali, gari lenyewe silisikii. Nikajiambia, alhamdulillahi, limepona, sasa Bwana atamsamehe Feruzi, na mimi sitalazimika kusema neno. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na nimeona haya nayo mpaka leo.

Jioni Bwana Seif aliita watu wa nyumba. "Mmesikia? Njia ni ile, mzigo ni ule, kelele hakuna. Fundi alisema kweli. Alikuwa Feruzi." Akanitunuku kofia.

Nikaipokea. Matengenezo yangu ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa kumhukumu mtu, na hakuna aliyejua ila mimi na mhunzi wa misheni.

Siku tano nilikaa hivyo. Nilijipa sababu za kila aina: Bwana atanifukuza, mjomba atazomewa, chombo huenda kikakosa shehena. Siku ya tano Zafarani akaja. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayeuza vitumbua mlangoni kwa bibi yake. Nilidhani atanilaani, na ingekuwa nafuu.

"Fundi, wewe ndiye unayejua magari," akasema. "Mimi nataka kujua tu, nisije nikamlaumu bure akiwa mbali. Alikuwa anaendesha vibaya?"

Nikamwambia, "Hapana."

"Basi lilikuwa nini?"

Nikamwambia. Pamba, sifa, kila kitu. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ngumu, kisha akaondoka. Nikaivua ile kofia, nikaenda kwa Bwana Seif kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

"Hodi, Bwana."

"Karibu."

"Gari niliharibu mimi. Feruzi hana kosa."

Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Una moyo mzuri, Fundi. Mke wake amekuja kwako, nimeambiwa. Machozi ya wanawake yana nguvu."

Hakuniamini! Nilipodanganya aliniamini kwa neno moja, na sasa nasema kweli ananipapasa bega. Hasira ikanishika, na nafikiri ile hasira ndiyo iliyonipa akili.

"Kesho asubuhi panda punda wako, Bwana, uje mwinamoni. Baruti aendeshe."

Alfajiri nilipiga nyundo kulitoa gurudumu. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nikaing'oa kwa mikono yangu, pete zote mbili. Nikashindilia ile pamba chafu ya zamani, niliyokuwa nimeificha nisijue kwa nini, nikarudisha gurudumu. Baruti akapakia nazi. Bwana Seif alikuja juu ya punda, na nyuma yake nusu ya mtaa, maana watu wa Bagamoyo hawakosi tamasha.

Gari likaingia kwenye mwinamo, likalia. Wacha we! Watu waliziba masikio. Baruti akapiga kelele, "Si mimi! Wallahi si mimi!" Nikamwambia asimame. Hapo hapo njiani, nazi zikishushwa, nikalitoa gurudumu, nikavuta pamba, nikaiweka juu ya jani la mgomba mbele ya punda wa Bwana. Nikagongea pete, nikapaka shahamu, tukapakia upya. Gari likapita mwinamo mzima bila sauti.

Bwana Seif aliitazama ile pamba. Kisha akanitazama mimi, na sura yake sitaisahau, maana wakati huu aliniamini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku lilipotengenezwa, Bwana."

"Na kofia ukaichukua."

"Niliichukua."

"Mwiteni Feruzi," akasema. "Na wewe kusanya zana zako."

Nilikuwa nafunga mfuko wangu uani Feruzi alipofika na ndoo bado mkononi. Alikuwa ameshaambiwa. Alikaa kwenye kizingiti akaniuliza taratibu, kama anauliza njia.

"Bwana alipokuuliza, ukasema ni mimi. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilijua, na kofia nikaivaa. Siku tano."

"Siku tano," akasema. "Zafarani alinifungia nguo zangu siku ya kwanza. Akafungua. Akafunga tena. Mtu ana kanzu mbili tu, lakini alizifunga siku tano."

Aliinuka, akaingia ndani kwa Bwana Seif, na niliyasikia maneno yake kupitia dirishani. "Bwana, huyu usimfukuze. Ukimfukuza utaleta mwingine asiyejua." Nikabaki. Sikujua wakati ule, wala sijui sasa, kama ilikuwa huruma au hesabu tu ya kazi.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na saba, mimi na Feruzi, hata baada ya yeye kuwa mtu huru na gari kuwa lake. Tulikula sahani moja, alikuja kwenye arusi yangu, nilimzika mama yake. Hakuna siku aliyonitolea neno baya. Lakini kila asubuhi, akishawasalimu punda, aliweka gogo chini ya gurudumu la kushoto, akachuchumaa upande wa kulia, akalishika gurudumu juu na chini, akalivuta na kulisukuma. Kisha ndipo alipanda. Alifanya hivyo mbele yangu, kila asubuhi, miaka kumi na saba, na mimi nilisimama pembeni nikamngoja amalize.